Mafaili ya wanafunzi wapya: unayasoma likizoni au unasubiri uwaone kwanza?

#1 ChakiNyeupe (mleta uzi)
Habari za likizo, walimu.

Niko kwenye maandalizi ya mwaka mpya wa masomo na nimefika pale ambapo najua walimu hatukubaliani. Azimio la kazi, ule mpango wa mada za mwaka, linaendelea, zana nimeanza kuzikusanya, orodha ya majina ninayo. Limebaki kabati la mafaili: ripoti za mwaka uliopita, maoni ya mwalimu aliyewafundisha, barua za wazazi. Unayasoma likizoni au unasubiri uwaone watoto kwanza?

Mimi siyasomi. Kuna faili niliwahi kulifungua, na juu kabisa ya karatasi, kwa wino mwekundu uliokandamizwa mpaka upande wa pili ukavimba, imeandikwa: "Mkaidi. Asikae nyuma." Mtoto mwenyewe hajakanyaga darasani, kiti ameshapangiwa.

Wengi mnalijua jaribio la Rosenthal na Jacobson lililochapishwa mwaka 1968. Walimu wa shule moja ya California waliambiwa kwamba watoto fulani, karibu mmoja kati ya kila watano, wangechanua mwaka ule. Majina yaliokotwa kwa bahati nasibu tu. Mwaka ulipoisha, watoto wale walikuwa wamepanda kwenye jaribio la akili kuliko wenzao. Kama sifa ya kubuni inainua, lawama ya wino mwekundu inafanya nini?

Karibuni.

#2 Mwl_Hesabu
Nayasoma yote, karatasi kwa karatasi, na siombi radhi.

Mtoto mwenye kifafa hasubiri nimzoee. Kuna asiyesikia vizuri sikio la kulia, huyo nikimkalisha upande usiofaa anapoteza muhula mzima huku naandika "hayuko makini". Kuna aliyefiwa wakati wa likizo, na mimi siku ya kwanza nasimama mbele nawaambia waandike insha kuhusu baba. Haya yote yamo kwenye mafaili. Unataka kuyajua lini, mwezi wa pili?

#3 KalamuNyekundu
Wino mwekundu umefanya nini tena jamani 😀 Mimi naandika "anahitaji msaada wa kusoma kwa sauti", sijawahi kuandika mkaidi.

Naunga mkono #2.

#4 BundiWaMaktaba
Mleta uzi, jaribio lipo ila umelikata mkia. Tofauti kubwa ilionekana kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, madarasa ya juu hakukuwa na la maana. Tena mwaka huohuo wa 1968 Robert Thorndike alilichambua lile jaribio la akili akasema halikuwafaa watoto wadogo kiasi kile, hivyo alama zake si za kuaminika. Tusilitumie kufunga mjadala.

Lenye uzito zaidi kwa swali lako ni alichofanya Stephen Raudenbush mwaka 1984. Alikusanya majaribio 18 ya aina hiyo, akauliza: mwalimu alikuwa amekaa na watoto muda gani kabla ya kupewa taarifa ya kubuni? Walioipewa kabla hawajawajua watoto iliwaathiri. Waliokuwa wamekaa nao zaidi ya wiki mbili, karibu haikuwafanya kitu. Macho yao yalishawaambia vingine.

Kwa hiyo jibu langu: mafaili ndiyo, ila wiki ya tatu.

#5 ChakiNyeupe
@BundiWaMaktaba ahsante, hilo la wiki mbili linanipa nguvu zaidi ya nilichokuja nacho. Likizoni ndipo hatujawajua kabisa, na ndipo tunaposoma.

@Mwl_Hesabu afya sibishi. Karatasi ya afya itolewe, ikae mbele. Ninachokataa ni yale maoni.

#6 Mwl_Hesabu
Maoni ndiyo yenye afya ndani yake. "Analala darasani kila asubuhi" ni tabia au ni ugonjwa? Hujui mpaka usome na kauli ya mwalimu na barua ya mzazi pamoja. Ukiyachambua mafaili kwa mkasi utaondoka na nusu ya mtoto.

#7 MwlLugha
Niongeze upande mwingine. Jussim na Harber waliyapitia matokeo ya zaidi ya miaka 30 ya tafiti hizi (makala yao ni ya 2005). Wanasema athari ya matarajio ya mwalimu ipo lakini kwa kawaida ni ndogo, na mara nyingi tunatabiri vizuri kwa sababu tunaona vizuri, siyo kwa sababu tumeroga. Ila wakatoa tahadhari: kwa watoto wa makundi ambayo jamii imeshayadharau, athari inaweza kuwa kubwa.

Basi swali si "usome au usisome" kwa kila mtoto sawasawa. Faili la hatari ni la yule ambaye kila mtu ameshamhukumu kabla yako.

#8 MgeniKazini
Shikamooni walimu. Mimi ndiyo naanza kazi mwaka huu, mafaili sijayaona hata. Nisaidieni: likizo hii nianze na nini? Nina mtaala, nina vitabu, nina hofu. Kila ninayemuuliza ananiambia kitu tofauti. Mmoja anasema pamba darasa, mwingine anasema andika maandalio ya somo ya muhula mzima, mwingine anasema lala.

#9 MkongweWaUbao
Marahaba mwanangu, karibu kazini.

Anza na siku ya kwanza, na usianze na somo. Anza na yale mambo madogo yanayokula dakika. Daftari zinakusanywaje? Mtoto akitaka kwenda msalani anafanyaje, ananyoosha mkono au anachukua kibao mlangoni? Anayemaliza kazi mapema anafanya nini? Asiye na kalamu anamwambia nani? Andika kila moja kwenye karatasi, hatua kwa hatua, kama unamwelekeza mtu asiyekuwepo. Kisha uyafundishe, usiyatangaze tu. Nasema uyafundishe maana watoto wanapaswa kuyafanya mbele yako na kuyarudia. Mstari wa nyuma unapitisha daftari mbele, wa mbele anazipanga pembe kwa pembe, wa mwisho kulia analeta mezani. Mara ya kwanza itakuwa vurugu. Rudieni.

Emmer, Evertson na Anderson waliwafuatilia walimu wa darasa la tatu tangu siku za mwanzo, wakachapisha mwaka 1980: waliokuja kuwa na madarasa yenye utulivu mwaka mzima walitumia wiki za kwanza kufundisha taratibu kama wanavyofundisha somo. Na kabla yao Jacob Kounin, 1970, alikuta kwamba walimu wazuri na wasio wazuri hawatofautiani sana kwa jinsi wanavyoadhibu. Tofauti iko kabla ya kosa: mwalimu anaona darasa zima, na kazi haikatiki katikati.

Halafu nenda darasani likiwa tupu. Keti kwenye kila kona, siyo kwenye kiti chako, kwenye kiti cha mtoto. Inama mpaka macho yako yawe usawa wa macho yake. Ubao unasomeka? Kuna nguzo? Jua linapiga ubaoni saa ngapi? Hayo huyajui ukiwa umesimama mbele.

Mafaili baadaye.

#10 MgeniKazini
Mungu akubariki mzee wangu. Nimeandika yote.

#11 KalamuNyekundu
Mkongwe ukishaanza hakuna wa kukukatiza 😀 Lakini hilo la kukaa kwenye kiti cha mtoto nakazia. Pale ninapofundisha kuna viti viwili ambavyo mwanga wa dirisha unafuta theluthi ya ubao kila asubuhi. Waliokaa pale walikuwa wanaandikwa wazembe wa kunakili, mwaka hadi mwaka. Maoni hayo yamo kwenye mafaili mpaka leo.

#12 ChakiNyeupe
@KalamuNyekundu umesikia ulichosema? Dirisha limeingia kwenye faili la mtoto kama tabia yake.

#13 Mwl_Hesabu
Nimesikia. Na ningeyasoma mafaili ya watoto wote waliowahi kukaa pale ningegundua kwamba "uzembe" unafuata kiti. Bila kusoma nisingegundua.

#14 MzaziMdadisi
Samahani naingilia, mimi si mwalimu. Nina mtoto anayeingia darasa la tano. Nasikia watoto wanasahau sana likizo ndefu na walimu wanaanza upya. Ni kweli? Nimpe kazi za kufanya nyumbani au nimwache acheze?

#15 MwlSayansi
Ni kweli na ina ushahidi. Harris Cooper na wenzake walizipitia tafiti 39 mwaka 1996. Kwa wastani watoto walirudi kutoka likizo ndefu wakiwa nyuma kama mwezi mmoja wa masomo kuliko walivyoondoka, na hesabu iliumia kuliko kusoma. Mpe kazi, mama.

#16 BundiWaMaktaba
Mwl Sayansi, taratibu. Tafiti nyingi za zamani zilitumia majaribio ambayo mtoto alipopanda darasa alipewa karatasi nyingine, yenye maswali mengine na vipimo vingine. Ukibadilisha mizani katikati usishangae uzito ukibadilika. Paul von Hippel na Caitlin Hamrock (2019) waliyarudia mahesabu kwa mizani bora na matokeo mengi maarufu yakayumba, hasa lile la kwamba pengo kati ya watoto wa wenye nacho na wasio nacho linapanuka likizoni. Linalobaki bila ubishi ni kwamba likizoni hawajifunzi kwa kasi ya muhula. Kama wanarudi nyuma, na kwa kiasi gani, wataalamu bado wanavutana.

#17 MwlSayansi
Mimi nasimamia ninachokiona darasani. Mwaka mpya ukianza nawapa hesabu za sehemu zenye asili tofauti, nusu ya darasa wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mwezi wa mwisho wa mwaka uliopita walikuwa wanazimaliza wakicheka. Mizani ya von Hippel haijakaa kwenye darasa langu.

#18 MwlLugha
Wote mnaweza kuwa sawa. Hermann Ebbinghaus mwaka 1885 alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Baada ya siku 31 alikuwa amesahau nyingi mno, lakini alipojifunza upya aliokoa kama 21% ya muda wa mwanzo. Kinachoonekana kimepotea kilikuwa kimebaki kwa namna fulani. Sehemu za MwlSayansi zikirudiwa wiki moja zitarejea kwa kasi kuliko zilivyoingia.

Kwa maandalizi maana yake ni hii: usipange mwezi wa kufundisha upya mada za mwaka uliopita. Panga maswali machache kila siku kwa wiki za mwanzo, bila alama, wayakumbuke wenyewe kichwani kabla hujawaonyesha. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba anayejipima anakumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko anayesoma tena na tena.

#19 MzaziMdadisi
Sasa nimpe kazi au nisimpe? 😅

#20 MkongweWaUbao
Asome vitabu anavyovipenda, mama, na akuhadithie alichosoma. Mengine tuachie sisi.

#21 Mwl_Hesabu
@MgeniKazini kuna jambo hakuna aliyekuambia. Usiandike azimio la kazi kabla hujahesabu vipindi halisi. Chukua kalenda ya shule. Futa sikukuu, futa wiki za mitihani, futa siku za michezo, futa siku ya kwanza na ya mwisho ya kila muhula maana hakuna kinachofundishwa. Kisha futa kipindi kimoja kati ya kila kumi kwa ajili ya mambo usiyoyajua: mvua, msiba, mkutano wa ghafla. Kinachobaki ndicho ulichonacho. Walimu wengi wanagawa mada kwa wiki zote za mwaka halafu mada tatu za mwisho zinafundishwa kwa mbio, kila mwaka zilezile tatu, na darasa la juu linazipokea zikiwa mbichi.

Ukipata idadi, anza kutoka mwisho. Jiulize mtoto aweze kufanya nini siku ya mwisho, utaonaje kwamba anaweza, ndipo uje kwenye masomo yenyewe. Wiggins na McTighe waliupa utaratibu huu jina mwaka 1998 lakini walimu wazuri wameufanya siku zote.

#22 MwlSayansi
Nakubali kuhesabu, nakataa kuandika maandalio ya muhula mzima likizoni. Andaa wiki mbili za mwanzo kwa undani, nyingine weka mifupa tu. Hujui darasa litakuja na nini.

#23 RangiNaGundi
Hakuna anayezungumzia kupamba darasa? Mimi likizo yangu yote iko hapo. Herufi za karatasi ngumu, kona ya kusomea, chati za kuta nne. Mtoto akiingia ajue kuna mtu alikuwa anamsubiri.

#24 BundiWaMaktaba
Dada, usinichukie. Fisher, Godwin na Seltman (2014) waliwafundisha watoto 24 wa chekechea masomo sita ya sayansi, mengine kwenye chumba kilichojaa mapambo, mengine kuta zikiwa tupu. Kwenye mapambo watoto walikuwa nje ya somo 38.6% ya muda, kwenye kuta tupu 28.4%. Majibu sahihi yalikuwa 42% dhidi ya 55%.

#25 RangiNaGundi
Watoto 24 tu, siku chache. Wangewaacha miezi miwili wangezoea. Na kuna kitu hawakukipima: mtoto kupenda kuja.

Lakini nakubali jambo moja. Ukuta wa mbele, ule wa ubao, nauacha mtupu. Mapambo yote nyuma na pembeni. Na nusu ya nafasi naiacha wazi kwa kazi zao wenyewe, maana chati niliyoinunua hawaiangalii lakini mchoro wa mwenzao wanausoma mpaka jina.

#26 MkongweWaUbao
Hapo dada umemaliza.

#27 Usingizi_Kwanza
Nimesoma uzi mzima na nimechoka kwa niaba yenu. Likizo ni likizo. Mwalimu anayeingia mwaka mpya akiwa amechoka anawapigia kelele watoto kwa kosa dogo, na kelele hiyo haimo kwenye azimio lolote. Sabine Sonnentag ameandika miaka mingi kuhusu kuiacha kazi kiakili, siyo kwa mwili tu: wanaoweza kujitenga nayo wakiwa mapumzikoni wanakuwa na uchovu mdogo na afya njema zaidi. Kukaa ufukweni huku unapanga viti kichwani siyo kupumzika.

Fungeni kabati. Wiki ya mwisho inatosha.

#28 MgeniKazini
Kwa mwenye uzoefu labda wiki inatosha. Mimi nikikaa bila kuandaa ndiyo silali kabisa.

#29 Usingizi_Kwanza
Basi gawa. Nusu ya kwanza usiguse kitu, nusu ya pili fanya kazi asubuhi tu. Kinachoua ni kidogokidogo kila siku, huko hupumziki na huandai.

#30 MwlSayansi
Likizo yenyewe iliwekwa ili watoto wakalime, sisi ndiyo tumeigeuza ya kulala.

#31 BundiWaMaktaba
Hiyo hadithi inazunguka sana na haisimami. Kule Marekani inakotajwa, shamba lilitaka mikono majira ya kupanda na ya kuvuna, na hayo siyo kiangazi. Shule nyingi za vijijini karne ya 19 zilikuwa na muhula wa baridi na muhula wa kiangazi. Shule za miji mikubwa ndizo zilifunguliwa karibu mwaka mzima. Likizo ndefu ilikuja walipooanisha kalenda hizo mbili, huku wenye uwezo wakiukimbia mji kwa joto.

#32 KalamuNyekundu
Bundi halali hata likizo 😀 Turudi kwenye mafaili.

Nina pendekezo. Tatizo si kusoma, ni jinsi tunavyoandika. Tukifunga mwaka tuandike tulichoona, tusiandike tulichohukumu. Usiandike "mkaidi", andika "akiulizwa mbele ya wenzake hajibu, akiulizwa pembeni anajibu". Atakayeipokea likizoni anapata kitu cha kufanyia kazi.

#33 ChakiNyeupe
Nakubali kwa moyo wote, na bado siyafungui. Hata "hajibu mbele ya wenzake" nikiisoma mapema sitamuuliza mbele ya wenzake. Labda mwaka huu angejibu. Miezi ya likizo mtoto anakua, na faili halikui.

#34 Mwl_Hesabu
Na labda umemuuliza siku ya kwanza, amenyamaza, darasa limecheka, na umeanza mwaka naye hivyo. Mimi afadhali nimpe wiki za salama kwanza, nimjaribu baadaye.

#35 MwlLugha
Pale ninapofundisha mwalimu mwingine, asiyefundisha darasa hilo, anapitia mafaili na kutoa ukurasa mmoja: afya, macho na masikio, nani wasikae pamoja kwa sababu za usalama, nani amepata msiba. Maoni yanafungwa mpaka wiki ya tatu. Si kamili, maana anayechambua naye ana jicho lake.

#36 Mwl_Hesabu
Kwa hiyo kuna mtu anasoma. Mnabishana tu nani.

#37 MgeniKazini
Walimu, nimepewa mafaili leo. Nimesoma karatasi za afya zote, maoni nimeyaacha, nitaamua. Majina nimeyaandika kwenye kadi nayatamka kwa sauti ili nisiyakosee siku ya kwanza. Ila kuna mtoto mmoja faili lake ni jalada tupu, halina karatasi hata moja. Amehamia. Namuuliza nani?

#38 MkongweWaUbao
Anza na aliyemwandikisha, aulize shule alikotoka. Wakati unasubiri, zungumza na mzazi au mlezi kabla shule haijafunguliwa: anaona vizuri, anasikia vizuri, anatumia dawa yoyote, nani anakuja kumchukua, nani haruhusiwi kumchukua. Hilo la mwisho usilisahau. Mtoto mwenyewe usimuulize lolote la nyumbani mbele ya wenzake.

#39 ChakiNyeupe
@MgeniKazini ukishakaa naye wiki kadhaa urudi hapa utuambie. Huyo ndiye utamwona bila maneno ya mtu, nataka kujua kama ilikusaidia au ilikukwamisha.

#40 Mwl_Hesabu
Na mimi nataka kujua.